Shule za Wapasha Habari wa Kisangani

Asimamaye Lubunga, ukingoni mwa mto Kongo, auona mji wa Kisangani mbele yake kama mtu atazamaye picha ukutani: kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari lililo karibu na maji, maghala ya bandari, na mapaa ya Makiso. Lakini hawezi kwenda huko kwa miguu, maana hakuna daraja. Mji una wilaya sita, ziitwazo komine. Tano zimo ukingo wa kuume, na Lubunga peke yake i ukingo wa kushoto. Atakaye kwenda chuo kikuu au ofisini kwa gavana hana budi kushuka majini akapande mtumbwi au kivuko. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu zetu, na ndivyo ilivyo kwetu. Habari, lakini, haingoji mtumbwi. Tangu kale habari ya Lubunga huvuka maji kabla ya mtu wa Lubunga, na pengine humletea msiba kabla yeye mwenyewe hajafika.

Siku hizi twasikia sana juu ya semina za wapasha habari. Waandishi wa magazeti, watangazaji wa redio, na vijana wapigao picha kwa simu zao hukusanywa siku tatu au siku tano, wakafundishwa kazi za kompyuta na intaneti: jinsi ya kukata sauti, kupima kama picha ni ya kweli, na kuficha jina la mtu aliyewaambia jambo la hatari. Watu wengi hudhani kwamba mambo haya ni mageni, yameletwa juzi na mashirika ya Ulaya. Kompyuta ni ngeni, kweli. Lakini kumfundisha mtu kupeleka habari pasipo kuiharibu ni kazi ya zamani sana katika pande hizi, nami nataka, wasomaji wapenzi, tuifuate historia yake tangu mwanzo, maana ndani yake mna damu ya watu pia.

Shule ya kwanza ilikuwa ya ngoma. Chini ya Kisangani, kando ya mto, wanakaa Walokele, wavuvi na wafanya biashara wa majini. Ngoma yao ya habari haina ngozi. Ni gogo la mti mgumu lililochimbwa ndani kwa njia ya ufa mrefu mwembamba, na midomo miwili ya ufa ule hutoa sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Moja huitwa ya kiume, nyingine ya kike. Watu wa Lingala huliita gogo hilo lokole. Mgeni aisikiapo hudhani ni alama tu, kama kengele ya shule: pigo hili lina maana ya hatari, pigo lile lina maana ya sherehe. Sivyo. Ngoma husema maneno yenyewe, kwa sababu lugha ya Kilokele ina sauti za kupanda na kushuka katika kila neno, na ngoma huigiza kupanda na kushuka huko.

Aliyeyaeleza mambo hayo kwa walimwengu ni mmisionari wa Kibaptisti, John Carrington, Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 akafanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani. Alijifunza kuipiga ngoma mwenyewe, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu yake. Yeye hakuwa wa Kanisa letu, lakini haki yake apewe: wachache walikaa chini mbele ya wazee wa Kilokele kama wanafunzi, naye alikuwa mmoja wao.

Sasa tazama akili iliyomo. Sauti mbili peke yake hazitoshi kutenga maneno, maana maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa. Neno la mwezi na neno la kuku, kwa mfano, kwenye ngoma ni pigo lile lile. Je, mtu wa kijiji cha pili atajuaje kama ameambiwa mwezi au kuku? Wazee walikata shauri hivi: kila neno lipewe mkia mrefu, usiobadilika. Hawakupiga “mwezi” tu, bali mwezi utazamao nchi chini. Wala hawakupiga “kuku” tu, bali kuku, kale kadogo kaliako kiokio. Kila mtu naye alikuwa na jina lake la ngoma, refu, lenye kumtaja yeye na wazazi wake, ili asije mtu mwingine akaitikia msiba usio wake. Kwa sababu hiyo maneno ya ngoma huwa marefu mara nane hivi kuliko maneno ya kinywa. Mgeni asiyejua husema ni kupoteza wakati. Kumbe urefu ule ndio kinga ya habari. Pigo moja likipotea kwa upepo au kwa kelele za maji, yaliyobaki yatosha kumwambia msikiaji kilichosemwa. Leo wahandisi wa kompyuta hufanya kama hivyo hivyo: mashine moja ikipelekea nyingine habari, huongeza alama za ziada ambazo si habari yenyewe, ila ni za kuonyesha kama kuna kosa njiani. Walokele walikuwa nalo jambo hilo msituni, bila waya wala umeme.

Na tena, hakuna aliyepewa ngoma kabla hajafunzwa. Mtoto alisikiliza miaka mingi, akajifunza mikia ya maneno, akajaribu mbele ya wakubwa, akasahihishwa. Maana ngoma ikisikika kilomita kumi, na kijiji cha mbele kikipokea na kupeleka tena, mkosaji mmoja angaliweza kuamsha mto mzima kwa jambo lisilokuwapo. Carrington mwenyewe alisikitika kuona vijana wa shule wanaacha kujifunza ngoma, nao wazee wanakufa na ujuzi wao.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Stanley alishuka kwenye maporomoko ya Boyoma mwaka 1877, na mwaka 1883 akaweka kituo hapo. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alifanywa wali wa mahali hapo, na watu wake walioingia kwa pembe na watumwa waliacha nyuma yao lugha hii ya Kiswahili ambayo sisi tunaiandika leo. Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu alianza misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1906 reli ikamalizika kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, kilomita 125, ili mizigo iyakwepe maporomoko. Reli hiyo yaanzia ukingo wa kushoto, na ndiyo iliyoifanya Lubunga iwe mji wa makuli na mafundi. Barua za mashariki zilishushwa Lubunga kwanza, ndipo zikavushwa.

Stanleyville alifika kijana mmoja wa Kasai, Patrice Lumumba, mwaka 1944, naye baadaye akafanya kazi katika posta. Watu humkumbuka kwa siasa yake na kwa kifo chake. Mimi namtaja hapa kwa sababu ya jambo dogo. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville kusoma shule ya posta. Alifundishwa ukarani. Uandishi wa habari hakufundishwa na mtu. Aliupata kwa kusoma usiku, na kwa kupeleka makala yake kwa magazeti kama La Voix du Congolais, lililoanza mwaka 1945 chini ya mhariri Antoine-Roger Bolamba. Ndivyo walivyojifunza Waafrika karibu wote wa wakati ule: kwa kuiga gazeti walilolishika mkononi. Wakoloni walitaka makarani, wauguzi na mafundi wa reli, wakawafungulia shule. Mtu wa kuuliza maswali hawakumhitaji. Basi uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi ilikuwa na magazeti na redio, lakini wenye kuyaendesha kwa ujuzi walikuwa wachache mno.

Hasara ya jambo hilo ilionekana mapema. Mwezi wa Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji, na redio ya Stanleyville ikaanguka mikononi mwao. Katika miezi ile mitatu redio haikuwa chombo cha habari tena, ilikuwa silaha. Kwayo walitangaza vitisho juu ya mateka, Wazungu na Wakongo. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka mjini ukingo wa kuume. Ukingo wa kushoto ukabaki bila mwokozi, na wamisionari waliokuwa upande wetu wengine waliuawa kabla mtu hajavuka kuwasaidia. Wazee wetu hawapendi kulisimulia jambo hili, nami sitawalazimisha. Siku chache baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa huko Isiro.

Hata mwaka 1973 ndipo serikali ilipoanzisha Kinshasa chuo cha kusomea habari, ISTI, kilichoitwa baadaye IFASIC. Ni chuo chema, kimetoa watu hodari. Lakini toka Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni kilomita zaidi ya 1,700, na kijana wa Lubunga asiye na ndugu Kinshasa angekaa wapi, angekula nini? Kanisa lenyewe lilikuwa limekwisha kuagiza, katika hati ya Mtaguso iitwayo Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, kwamba mapadre, watawa na walei wafundishwe kazi hizi bila kukawia. Twaona basi kwamba agizo lilikuwapo. Lililokosekana ni mahali na fedha. Mwaka 1990 Mobutu alipokubali vyama vingi, na mwaka 1996 ilipotoka sheria ya uhuru wa magazeti na redio, vituo vya redio vilizaliwa kama uyoga baada ya mvua. Jimbo Kuu la Kisangani nalo likapata redio yake, Radio Amani. Studio ziliongezeka kuliko walimu.

Sasa nafika mahali ambapo sitaki kupita upesi.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, mji usio wa yeyote kati yao. Maelfu ya makombora yalianguka juu ya nyumba za watu. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kwa makosa yake katika Kongo, na mwaka 2022 ikataja malipo: dola milioni 325. Rwanda haikuweza kushtakiwa mbele ya mahakama hiyo. Baada ya siku sita hizo mji ulibaki chini ya waasi wa RCD-Goma walioungwa mkono na Rwanda, na chuki ilikuwa imejaa mioyoni kama maji nyuma ya bwawa.

Katika hali hiyo, tarehe 14 Mei 2002, alfajiri, baadhi ya askari na polisi wa RCD waliasi. Hawakukimbilia ghala ya silaha tu, walikwenda kwenye redio ya taifa. Kwa saa chache, kwa kipaza sauti, waliwaambia wenyeji wawafukuze Wanyarwanda, watoke nje na chochote walicho nacho. Watu walitoka. Wengine walidhani jambo limekwisha shinda, maana redio imesema. Na asemaye redioni, katika akili ya mtu wa kawaida, ndiye mwenye nchi. Wanyarwanda kadhaa, na watu waliodhaniwa tu kuwa ni Wanyarwanda, wakauawa na makundi. Kabla ya mchana askari watiifu kwa RCD waliirudisha redio mikononi mwao, na kisasi kikaanza. Waliingia Mangobo wakiua na kupora nyumba kwa nyumba. Usiku watu waliokamatwa walipelekwa kwenye daraja la mto Tshopo, wakauawa hapo na kutupwa majini. Umoja wa Mataifa ulihesabu wafu zaidi ya 160, raia na askari pamoja.

Nauliza: ni nani aliyekuwa kwenye kile kipaza sauti? Askari. Alipataje kukifikia? Kwa bunduki, na mbele ya bunduki mtangazaji hawezi kulaumiwa. Lakini waliokuwa wakisikiliza nao hawakuwa na sauti ya pili ya kuwaambia, “Ngojeni, mji haujatekwa, kaeni ndani.” Rwanda ilikuwa imekwisha onja uchungu huo mwaka 1994 kwa redio RTLM; na mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti kwa maneno yao. Mpiga ngoma wa Kilokele, na ngoma yake ya gogo, alilindwa na mafunzo ya miaka na wazee waliomzunguka. Redio ya mwaka 2002 ilifika mbali mara mia kuliko ngoma, na haikuwa na wazee.

Sauti ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Tarehe 25 Februari mwaka ule ule, siku 78 kabla ya maasi, Radio Okapi ilifunguliwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi liitwalo Fondation Hirondelle. Ilianza kutoka Kinshasa, Goma na Kisangani, katika nchi iliyokuwa imepasuliwa na vita vipande vipande, vituo vikiunganishwa kwa setilaiti. Ilisema Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Chiluba na Kikongo. Shirika hilo lilikuwa na uzoefu wa jirani: mwaka 1994 waanzilishi wake walianzisha Radio Agatashya huko Bukavu kwa ajili ya watu wa Rwanda na wakimbizi. Kwa wapasha habari wa Kisangani, Okapi ilikuwa redio na shule pamoja. Hapo kijana alijifunza kwamba neno la msemaji mmoja si habari mpaka upande wa pili umeulizwa. Alijifunza kutaja cheo cha mtu pasipo kumsifu. Na hapo wengi waligusa kompyuta kwa mara ya kwanza.

Kazi yenyewe hapa inastahili kuelezwa, maana wengi husikia neno “dijitali” wakadhani ni uchawi au majivuno. Zamani sauti iliandikwa kwenye utepe wa sumaku. Mtangazaji akitaka kuondoa kikohozi cha gavana katikati ya hotuba, aliutafuta mahali pake kwa kuuzungusha utepe kwa mkono, akaukata kwa wembe, akauunga kwa karatasi ya gundi. Kata ilionekana kwa macho. Nakala ya nakala ilikuwa hafifu kuliko ya kwanza. Katika kompyuta sauti hugeuzwa kuwa hesabu: katika diski ya CD, kwa mfano, hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kuwa tarakimu. Tarakimu hazichakai. Nakala ya elfu ni sawa na ya kwanza. Hilo ni jema kubwa. Lakini kata nayo haionekani tena. Ukiondoa neno “si” katika kinywa cha mtu, hakuna gundi ya kukushitaki. Ndiyo sababu mwalimu mwema wa kompyuta hafundishi vidole tu.

Na picha vivyo hivyo. Picha ya simu huchukua ndani yake, mahali pasipoonekana, siku na saa iliyopigwa, na pengine mahali penyewe kwa vipimo vya ramani. Lakini ikipelekwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maandiko hayo ya ndani huondolewa. Basi mwanafunzi hufundishwa kumwomba aliyepiga ampe picha ya asili, wala asiridhike na ile iliyopita simu ishirini. Tena hufundishwa kuitafuta picha hiyo hiyo katika intaneti, aone kama haikutokea miaka mitano iliyopita katika nchi nyingine. Kutazama vibao vya maduka, namba za magari, sare za askari, vivuli vya jua. Mwaka 2018 vijana wa Kongo walianzisha Congo Check, chombo cha kupima habari namna hiyo, na kazi haikukosekana, maana mwaka ule ule Ebola ilitokea Kivu ya Kaskazini, na uvumi uliwakimbiza wagonjwa wasiende kwa waganga. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika barua yake ya Januari 2018 juu ya habari za uongo, alimtaja nyoka wa bustani ya Edeni kuwa wa kwanza kuzitumia: alichanganya kweli kidogo na uongo, ndipo akasadikiwa. Sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya kazi ya kupima habari.

Sitaki lakini kuzisifu semina zote. Nyingine ni za siku tatu tu, zafunguliwa kwa hotuba ndefu na kufungwa kwa picha ya pamoja na cheti. Wengine huja kwa ajili ya pesa za usafiri, nao hutoka kama walivyoingia, cheti cha saba kikiwekwa juu ya sita. Siwacheki, maana najua shida yao. Mtangazaji wa redio ndogo aweza kumaliza miezi bila mshahara, na hapo huingia ile desturi ambayo waandishi wa Kongo huiita coupage: aliyeita waandishi kwenye mkutano wake huwapa bahasha, na habari hutoka jinsi bahasha ilivyo. Hakuna kompyuta iwezayo kuiponya hiyo. Mtu aliyefunzwa kupima picha kwa akili nyingi, lakini akala bahasha, atapima picha za maadui wa mwenye bahasha peke yake.

Tena umeme. Kompyuta ya semina huwaka ukumbini Makiso. Akirudi Lubunga, ambako umeme ni wa shida, atachaji simu yake kwa kulipa kibandani penye jenereta au mtambo wa jua. Walimu wenye busara wameacha kufundisha kwa mashine kubwa, wafundisha kwa simu ya mkononi, kwa kuwa ndiyo iliyopo.

Na intaneti yenyewe yaweza kufungwa. Ilifungwa Januari 2015 wakati wa maandamano. Ikafungwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, pamoja na ujumbe mfupi wa simu, isirudi hata tarehe 19 Januari 2019. Matangazo ya FM ya RFI nayo yalikatwa. Baraza la Maaskofu lilikuwa limetuma waangalizi 40,000 hivi kwenye vituo vya kura nchini kote, waliofunzwa kutoa taarifa kwa simu. Katika siku zile mwandishi aliyejua intaneti tu alikuwa kama mpiga ngoma aliyenyang'anywa gogo lake. Waliojua bado kuandika kwa kalamu, kupiga simu ya sauti, na kuwatuma watu wa mitumbwi na pikipiki, hao waliendelea na kazi.

Kuna na hatari nyingine, ya mwandishi mwenyewe. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu mwezi wa Juni 2007. Didace Namujimbo wa redio hiyo hiyo, mji huo huo, Novemba 2008. Siku hizi adui wa mwandishi huanza na simu yake. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, simu zake na kompyuta yake zikachukuliwa, akashitakiwa kwamba ndiye wa kwanza kusambaza barua ya kughushi kwa njia ya Telegram. Wataalamu walisema kwamba jambo hilo haliwezi kuthibitika kwa njia waliyodai. Alikaa gerezani miezi sita, akahukumiwa, akatoka Machi 2024. Kwa hiyo semina zafundisha sasa maneno ya siri marefu, kufuli ya pili ya tarakimu ziletwazo kwa simu, na jinsi ya kutunza jina la mtu aliyekuamini. Mnamo tarehe 13 Machi 2023 zilikuwa zimetoka sheria mbili, moja ya magazeti na redio badala ya ile ya mwaka 1996, na moja ya mambo ya kidijitali, ambayo yamwadhibu hata anayepitisha tu habari ya uongo. Tazama basi: sheria hii haimhusu mwandishi peke yake. Yamhusu kila mwenye simu, pamoja na mama auzaye samaki na mwimbaji wa kwaya, na hao hakuna aliyewaita semina.

Hilo lilikuwa wazi kwetu Lubunga mwaka ule ule. Tangu mwaka 2022 Wambole na Walengola walikuwa wakigombania ardhi, na mapema mwaka 2023 ugomvi ukawa vita ya mapanga na moto. Vijiji viliteketea, maelfu ya watu wakakimbia, wengi wakavuka mto kutafuta hifadhi upande wa pili. Fikiri sasa mtu wa Lubunga usiku, simu yake ikilia: picha ya maiti, na maneno chini yake kwamba hawa ni ndugu zako, wameuawa leo, kilomita kadhaa kutoka hapo ulipo. Hana kompyuta ya kuitafuta picha. Hana mhariri. Akiipeleka mbele kwa watu wake hamsini, anatangaza, kama yule wa tarehe 14 Mei, ila hakuna bunduki iliyomlazimisha.

Mtangazaji aliyefunzwa ana la kumfanyia mtu huyo usiku ule, kama redio yake ina mafuta ya jenereta. Aweza kumpigia simu mtu wa kijiji kile kilichotajwa, mwenye jina na sura anayoijua, akamwuliza: je, kumetokea nini kwako? Aweza kutaja kwamba picha ile ni ya zamani, ya nchi nyingine. Aweza pia, habari ikiwa ni ya kweli, kuisema kwa namna isiyowataja watu wa kabila zima kuwa wauaji. Na ayaseme hayo kwa Kiswahili na Lingala. Hapa nina neno kwa wenye kuandaa semina: karibu zote hufanywa kwa Kifaransa, na mwanafunzi hurudi na maneno asiyoweza kuyasema hewani. Walokele waliutafutia mwezi maneno yake, na kuku maneno yake, hata mtoto akaelewa toka mbali. Wapasha habari wa Lubunga wanaanza kufanya kazi hiyo sasa kwa “picha iliyopachikwa maneno yasiyo yake” na kwa “sauti iliyokatwa neno”, wakijaribu hili na lile mbele ya kipaza sauti. Kisha hushuka upesi ukingoni, maana baada ya jua kuchwa mitumbwi ya kuvukia ni michache.